Sensa za joto kwenye chumba cha baridi cha samaki: kutoka tundu la ukutani hadi meseji ya saa nane usiku

Malalamiko yanayotufikia yanafanana kama mapacha. Sensa zimefungwa, zimefanya kazi wiki mbili, kisha zinaonyesha nyuzi 85 ndani ya friza. Au meseji hazitoki kabisa. Au zinatoka arobaini kwa usiku mmoja mpaka msimamizi wa zamu anazima simu na kulala, na asubuhi minofu imelainika.

Vifaa vyenyewe ni rahisi na havina makosa mengi. Kinachoharibu ni mahali sensa ilipowekwa, umeme unaolisha kifaa, na mtu anayepokea meseji bila kujua afanye nini. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo.

Unahusu chumba kimoja cha kuhifadhia minofu ya sangara au sato iliyogandishwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri (-18), kiwango kinachotakiwa pia na soko la Ulaya. Kwa chumba cha samaki wabichi wa barafu hatua ni zilezile, vikomo tu ndivyo vinabadilika. Usiutumie kwa friza ya kugandishia kwa kasi, ile inayoshuka hadi -35 au -40. Sensa tunayotumia hapa ina usahihi wa nusu nyuzi kuanzia -10 kwenda juu, kwenye -18 kosa laweza kufika nyuzi moja, na chini ya -30 huongezeka zaidi. Huko tumia sensa ya PT100 na bodi ya kuisomea, MAX31865.

## Vifaa

Kusanya vyote kabla ya kutoboa chochote. Baadhi vinapatikana mjini Mwanza, vingine utaagiza Kariakoo vije kwa basi.

- Sensa 5 za DS18B20 zenye kichwa cha chuma kisichoshika kutu, pamoja na 2 za akiba
- Bodi 1 ya ESP32 (kompyuta ndogo inayosoma sensa)
- Moduli 1 ya SIM800L (inayobeba laini na kutuma meseji) na antena yake ya nje
- Saa ya DS3231 na kisoma kadi, na kadi ya GB 8 au 16
- Betri ya volti 12, Ah 7, na chaja yake ya kuelea (float, inayoachwa imechomekwa muda wote) ya volti 13.5 hadi 13.8
- Vibadili volti 2 vya LM2596 (vya kushusha volti 12 za betri)
- Kapasita 1 ya mikrofaradi 1000, volti 10 au zaidi
- Rezista: 4.7k, 2.2k, 10k mbili, 1k na 5.6k
- Relei 1 (swichi inayoendeshwa na umeme) yenye koili ya volti 230
- Swichi ya sumaku ya mlangoni, na king'ora kidogo cha volti 5 na transista yake
- Sanduku la plastiki la IP65 (lisiloingiza vumbi wala maji), glandi za waya, silikoni, waya wa mtandao wa Cat5e
- Chupa ndogo ya plastiki ya mililita 100 na gliserini ya dukani (ya duka la dawa inatosha)
- Multimita. Bila multimita usianze.

Kazi yoyote ndani ya paneli ya umeme wa fezi tatu ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, swichi kuu ikiwa imezimwa na kufungwa kufuli. Na kama mtambo wenu unatumia amonia, usitoboe ukuta wala dari kabla fundi wa mitambo hajakuonyesha bomba zinakopita.

## Hatua ya 1: Chagua sehemu za sensa

Chora chumba kwenye karatasi: mlango, evapareta (koili yenye feni inayopoza chumba), rafu, taa. Sensa nne zitapima hewa.

Ya kwanza iwe upande wa hewa inayorudi kwenye evapareta. Ya pili karibu na mlango, mita moja na nusu hivi kutoka fremu. Ya tatu kwenye kona ya mbali kabisa na feni. Ya nne juu ya rundo la makatoni, kwenye kimo cha katoni la mwisho, kwa kuwa hewa ya moto hupanda na katoni la juu ndilo huanza kuumia.

Usiweke sensa mbele ya feni ya evapareta. Pale kuna hewa baridi kuliko chumba chote, na utasoma -22 huku makatoni ya mlangoni yako -13. Hili ndilo kosa tunalokutana nalo mara nyingi kuliko yote, na linapendwa kwa sababu namba zake zinamfurahisha bosi. Usiibandike ukutani pia, wala karibu na taa.

Sensa ya tano ni ya bidhaa. Jaza chupa kwa gliserini sehemu mbili na maji sehemu moja. Mchanganyiko huo haugandi kwenye -18. Toboa kifuniko, zamisha kichwa cha sensa angalau sentimita 5, ziba kwa silikoni, andika SI CHAKULA kwa herufi kubwa, kisha ifunge kwenye rafu katikati ya makatoni. Chupa hupoa na kupata joto polepole, karibu na tabia ya mnofu wenyewe. Mlango ukifunguliwa dakika tatu, sensa za hewa zitaruka na chupa haitatikisika. Tofauti hiyo ndiyo itakayowaokoa na meseji za uongo huko mbele.

## Hatua ya 2: Linganisha sensa kwenye barafu

Saga barafu ya maji safi, jaza kwenye ndoo ndogo, ongeza maji baridi mpaka yajaze mianya, kisha mwaga maji yaliyozidi. Unataka uji wa barafu. Maji yenye vipande vinavyoelea hayafai. Zamisha sensa zote saba zikiwa zimefungwa pamoja, zisiguse kuta wala chini. Koroga. Subiri dakika 5.

Kila sensa inatakiwa kusoma kati ya -0.5 na 0.5. Andika tofauti ya kila moja, kwa mfano +0.3, na uiingize kwenye programu ya ESP32 kama sahihisho. Inayosoma 1.5 au zaidi irudishe dukani. Sensa bandia za aina hii zimejaa sokoni, na barafu huzifichua kwa shilingi sifuri.

Kila DS18B20 ina namba yake ya kipekee ya biti 64. Isome sensa mojamoja, kisha funga utepe wenye jina kwenye ncha zote mbili za waya: MLANGO, KONA, JUU, KURUDI, CHUPA. Ukiruka hatua hii, siku moja utakimbilia kona kumbe tatizo liko mlangoni.

Barafu inathibitisha sifuri tu. Kwa -18 weka sensa chumbani pamoja na kipimajoto chenye cheti cha ugezi (cha kuthibitisha kuwa kinapima sawasawa), uziache saa moja, ulinganishe. Mkaguzi atauliza cheti hicho. Habari za ndoo hazitamgusa.

## Hatua ya 3: Pitisha waya ukutani

Kuta za chumba cha baridi ni povu lililobanwa kati ya mabati mawili. Mabati hayo huzuia mawimbi ya Wi-Fi na ya simu. Kwa hiyo sanduku lote linakaa nje, na zinazoingia ndani ni nyaya za sensa peke yake. Hii pia inaiepusha bodi na unyevu, ambao huiua bodi haraka kuliko baridi yenyewe.

Toboa tundu moja la milimita 12 hadi 16, upande wa juu, likiinama kidogo kuelekea nje. Pitisha nyaya zote, kisha ziba upande wa NJE kwanza kwa silikoni, halafu wa ndani. Hewa ya pwani ya ziwa imebeba unyevu mwingi. Ukiacha upenyo upande wa joto, unyevu utaingia kwenye povu na kuganda humo, na baada ya miezi utaona bati limevimba kama chapati.

Nje, acha waya ushuke chini ya sanduku kisha upande kuingia kwenye glandi. Maji yakitiririka juu ya waya yatadondoka kwenye mkunjo huo badala ya kuingia ndani.

Usipitishe waya kwenye raba ya mlango. Mlango hautafunga vizuri, barafu itajijenga kwenye fremu, na ndani ya mwezi mmoja waya utakuwa umekatwa. Usitumie pia tundu la vali ya kusawazisha mgandamizo. Ile haikuwekwa kwa ajili yako.

## Hatua ya 4: Umeme wa sanduku

Chaja inalisha betri, na betri inalisha kila kitu. Umeme wa TANESCO ukikatika, kifaa kisijue hata tofauti. Betri ya Ah 7 itaendesha mfumo huu zaidi ya siku nzima. Weka fyuzi ya ampea 2 karibu na betri, na kinga ya radi kwenye soketi ya chaja. Radi za ziwani za usiku hazibishi hodi.

Kutoka kwenye betri toa njia mbili. Kibadili cha kwanza kiweke volti 5.0 kwa ajili ya ESP32. Cha pili kiweke volti 4.0 kwa ajili ya SIM800L. Rekebisha skrubu yake ukitazama multimita, KABLA ya kuunganisha moduli. SIM800L inataka volti 3.4 hadi 4.4. Ukiipa 5 utaiunguza. Ukiipa 3.3 ya ESP32 itawaka vizuri, halafu itazima kila inapojaribu kutuma, kwa sababu wakati wa kutuma huvuta hadi ampea 2 kwa mpigo. Hapo ndipo wengi hudhani laini ni mbovu. Kapasita ya 1000 iwe karibu kabisa na miguu ya moduli, na hasi zote za mfumo ziungane.

Sasa relei ya volti 230. Koili yake ilishwe kutoka paneli ya kompresa, na mguso wake uunganishwe mfululizo na mguso wa relei ya kulinda fezi, ambayo paneli nyingi huwa nayo tayari. Mguso ujifunge pale umeme unapokuwepo, na ufunguke unapokosekana. Kwa nini upande huu? Kwa sababu fezi moja ikikatika, taa za ofisi zitaendelea kuwaka, kila mtu atadhani umeme upo, na kompresa imesimama. Pia waya ukikatwa na panya, mfumo utasema "umeme hakuna" na mtu atakuja kuangalia.

## Hatua ya 5: Nyaya kwenye pini

- Sensa zote: data kwenye pini 4, nyekundu kwenye 3.3V, nyeusi kwenye hasi (hakiki rangi, viwanda haviheshimu utaratibu mmoja)
- Rezista ya 4.7k kati ya data na 3.3V, waya ukizidi mita 10 hivi tumia 2.2k
- SIM800L: pini 16 na 17. Kutoka 17 kwenda kwenye moduli, pitisha 1k, kisha 5.6k kwenda hasi, ili ishara ishuke hadi volti 2.8
- Kadi: 5, 18, 19, 23. Saa: 21 na 22
- Mlango: 26. Umeme: 27. Kila moja na 10k kwenda 3.3V. King'ora: 25, kupitia transista

Sensa ziungwe kwenye waya mmoja mkuu wenye matawi mafupi. Ukizitawanya kama vidole vya mkono kutoka sehemu moja, ishara hurudi nyuma na masomo huchanganyika.

Kuhusu saa ya DS3231: moduli nyingi za bei nafuu zina sakiti ya kuchaji betri, lakini huuzwa na betri ya CR2032 isiyochajiwa. Ilishe kwa 3.3V, usiilishe kwa 5V, na ung'oe rezista ya kuchaji. Betri ya aina hiyo ikichajiwa huvimba.

Dalili ya mafanikio: multimita inaonyesha 5.0 na 4.0, na sensa tano zinasoma joto la chumba zikitofautiana kwa nusu nyuzi tu.

## Hatua ya 6: Laini ya simu

Sajili laini kwa jina la kampuni. Ikisajiliwa kwa alama za vidole za fundi, siku fundi akiondoka ameondoka na mfumo wenu.

SIM800L inatumia 2G peke yake. Weka simu yoyote kwenye 2G, simama pale sanduku litakapokaa, piga. Mwanza ni mji wa mawe, na nyuma ya jabali moja mtandao wa jirani yako unaweza usikufae wewe. Ondoa PIN ya laini, na tumia ukubwa wa maikro.

Taa ya moduli ikiwaka kila sekunde moja hivi, bado inatafuta mtandao. Ikiwaka kila sekunde tatu, imeshika. Itumie moduli amri ya AT+CSQ, inayouliza nguvu ya mtandao: jibu la 10 kwenda juu linafaa, 99 maana yake hakuna kitu. Namba za wapokeaji zianze na +255.

Bando la meseji likiisha mfumo unakufa kimya kimya. Weka salio la kawaida juu ya bando, na mhasibu awe na tarehe ya kuongeza kwenye kalenda yake.

## Hatua ya 7: Masharti ya tahadhari

Hapa ndipo mifumo mingi huharibikia, kwa hiyo tusikimbie.

Soma sensa kila dakika 1, andika kwenye kadi kila dakika 5. Hiyo ni mistari 288 kwa siku. Tupa somo lolote la 85 au -127. La kwanza ni thamani ambayo sensa huwaka nayo: imepoteza umeme kidogo, au programu imesoma kabla ya milisekunde 750 za kupima kuisha. La pili hutolewa na maktaba ya programu sensa isipojibu. Masomo mabaya matatu mfululizo yatume meseji "SENSA YA KONA HAIJIBU", na yasihesabiwe kama joto.

Kikomo cha hewa kiwe -15, lakini kwa dakika 40 mfululizo. Evapareta huyeyusha barafu yake mara kadhaa kwa siku, na kwa hita za umeme kazi hiyo huchukua dakika 20 hadi 30 kwa kawaida. Muulize fundi wenu muda halisi, uongeze dakika 10. Kikomo cha chupa kiwe -16, bila kusubiri kabisa, maana chupa ikishafika hapo jambo ni la kweli. Tahadhari ifutwe joto likirudi -17, lisiwe -15 ileile, ama sivyo itawaka na kuzima usiku kucha. Kwa chumba cha samaki wabichi anza na 5 kwa dakika 30 kwa hewa, na 4 kwa chupa.

Mlango: ukiwa wazi dakika 3, king'ora kilie palepale. Dakika 10, meseji itoke. King'ora kinafundisha wapakiaji haraka kuliko kikao.

Umeme: ukikosekana dakika 5, meseji.

Andika meseji inayomwambia mtu aliyeamshwa aanzie wapi:

CHUMBA 2. CHUPA -15.4 (kikomo -16) tangu 02:14. UMEME UPO. MLANGO UMEFUNGWA.

Msimamizi akisoma hiyo anajua: umeme upo, mlango umefungwa, basi ni kompresa, feni au barafu kwenye evapareta. Amwite fundi wa mitambo moja kwa moja. Ingesema UMEME HAKUNA, angeanza na jenereta. Na tumia saa za namba 24 kama hapo juu. Ukiandika "saa 2" mmoja atasoma asubuhi, mwingine usiku, na wa tatu, aliyezoea saa za simu, atasoma saa nane.

Meseji iende kwanza kwa msimamizi wa zamu. Asipojibu SAWA ndani ya dakika 10, iende kwa fundi. Dakika 10 nyingine, kwa meneja. Usiwatumie wote kwa pamoja, kila mmoja atadhani mwenzake ameamka.

Mwisho, kila siku saa 12 asubuhi kifaa kitume salamu: joto la sensa tano, volti za betri na nguvu ya mtandao. Isipofika, hiyo nayo ni tahadhari. Kifaa kilichokufa kimya ni kibaya kuliko kutokuwa nacho, kwa sababu watu wameshaacha kuzunguka na kipimajoto mkononi.

## Hatua ya 8: Kijaribu kwa kukiharibu

Endesha siku 7 sambamba na rejista ya karatasi. Kisha, mchana, mbele ya wasimamizi wa zamu zote:

1. Toa chupa nje ya chumba. Meseji ifike dakika chache baada ya chupa kuvuka -16.
2. Zima umeme wa paneli. Meseji ifike baada ya dakika 5, na kifaa kiendelee.
3. Chomoa sensa moja. Itajwe kwa jina.
4. Chomoa antena jioni. Asubuhi salamu isipokuja, ona kama kuna mtu aliyeuliza.

La nne ndilo hufeli zaidi, na linalofeli hapo ni binadamu.

## Hatua ya 9: Soma mchoro kila Jumatatu

Toa kadi, fungua faili kwenye programu ya majedwali, chora mstari wa kila sensa. Wiki ya kawaida ina vilima vidogo vinavyofanana, vyenye nafasi sawa: hiyo ni evapareta ikiyeyusha barafu.

Vilima vikianza kupanuka wiki baada ya wiki, hita moja imekufa au barafu haiyeyuki yote. Ikiwa mstari mzima unapanda nusu nyuzi kila wiki bila kilima kukua, mwambie fundi aangalie gesi na kondensa. Hizo ni dalili utakazoziona siku nyingi kabla mkono haujahisi chochote chumbani.

Sensa ya MLANGO ikiruka peke yake saa zilezile kila siku, angalia ratiba ya kupakia. Mara nyingi gari hufika na mlango hufunguliwa kabla makatoni hayajahesabiwa, wakati kuhesabu kungefanyika kwanza. Pazia la plastiki lililochanika nalo huonekana hapa.

KONA ikiwa juu kuliko nyingine kwa nyuzi 3 au zaidi muda wote, makatoni yamezuia hewa. Acha sentimita 10 kutoka ukutani na upangaji usifike mdomo wa feni.

Chapisha mchoro, msimamizi aandike sababu ya kila kilima kisicho cha kawaida, atie saini, uingie faili la ukaguzi. Mchoro mnyoofu usio na maelezo humtia mkaguzi shaka kuliko wenye vilima viwili vilivyoelezwa.

## Kila mwezi

Ndoo ya barafu kwa sensa ya akiba moja, kisha iweke chumbani kando ya CHUPA na ulinganishe. Pima betri chaja ikiwa imechomolewa kwa muda wa saa mbili: ikishuka chini ya 12.2, badilisha. Hakiki salio. Kaza glandi, badilisha paketi za kukausha unyevu sandukuni, na nakili kadi kwenye kompyuta mbili tofauti. Namba za wapokeaji zisomwe kwa sauti mbele ya wenye nazo. Kuna anayebadilisha laini kila baada ya miezi mitatu.